Hedifoni za Mwalimu Mafuru

Jumanne, 3 Juni 1986

Redio nne leo. Mbili ni betri tu. Moja spika imeliwa na panya. Moja haina kosa lolote, mwenyewe ndiye hajui kuzungusha. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, nikawasha makaa na kupasha pasi ya kuchomelea nyaya jikoni. Mzee Idi, mwenye duka, alikuwa stendi. Nilibaki peke yangu dukani.

Mama anayeuza samaki furu wa kukaanga aliniita kutoka kushoto. Niligeuka kulia. Akacheka. Mimi sikucheka. Miezi minane sasa na bado nageukia upande usio na mtu. Kwangu kila sauti inatoka kulia. Hata mvua inanyesha kulia.

Mchana Mzee Idi alirudi na mfuko wa kitambaa. Mtu wa basi kauleta kutoka Bunda, kwa jina la Mzee Idi. Ndani kulikuwa na hedifoni kubwa nyeusi, za vikombe vinavyofunika sikio zima. Nilizijua kabla sijazigusa. Ule mkanda wa kichwani niliushona mimi, kwa uzi wa nyavu.

Ni zile za chumba cha kurekodia. Sasa anazivaa Mafuru.

Jumatano, 4 Juni

Niandike ilivyokuwa, hasira isije ikaibadilisha.

Oktoba mwaka jana, Bunda, chumba cha kurekodia cha kanisa. Mimi fundi wa sauti. Mafuru mwalimu wa kwaya. Waimbaji arobaini, nusu yao watu wa kwetu Kiriba. Tulikuwa na wageni siku hiyo. Mafuru alihamisha maikrofoni zangu mbili akaziweka anavyotaka yeye. Nikamwambia, mbele ya wageni, kwamba hapo zilipo besi watasikika wamesimama juu ya sopirano. Nilisema kwa adabu. Nilitoa kikombe cha kushoto sikioni ili nimsikie atakavyojibu.

Alijibu kwa kofi. La wazi, kwenye sikio lile lililokuwa tupu. Damu ilishuka mpaka kwenye kola.

Watu arobaini walinyamaza. Walikuwa wametoka kuimba upendo. Rhoda, mke wa Mafuru, niliyekaa naye dawati moja shuleni, aliangalia karatasi yake ya nota mpaka nikatoka nje.

Wazee wa kanisa waliniambia nisamehe. Kisha Mafuru akawauliza, fundi wa sauti mwenye sikio moja ni wa nini? Nao wakaona ni swali zuri. Kiti changu akapewa yeye.

Na ni kweli, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sauti ya kushoto huwahi kufika sikio la kushoto, kwa kitambo ambacho huwezi kukihesabu. Kichwa chenyewe kinaikinga, kwa hiyo kulia inafika imefifia. Hizo tofauti mbili ndizo zinazokuambia mtu amesimama wapi. Mimi sina tena cha kulinganisha.

Sijasamehe. Sitaki.

Ijumaa, 6 Juni

Kosa la hedifoni ni waya kukatika. Kazi ya nusu saa. Nimekaa nazo siku tatu.

Spika za kule Bunda zilikufa mwaka juzi na hazikupatikana nyingine nchi nzima. Mafuru anasikiliza kwa hedifoni hizi tu. Hana kitu kingine cha kumwambia ukweli. Anadhani anasikia kwaya. Anachosikia ni kwaya kama hedifoni zinavyotaka.

Sikio la mtu lina mahali pake pa ukali. Ni pale mtoto mchanga anapolilia, pale kisu kinapokwaruza sahani. Ukipunguza kidogo mahali hapo ndani ya hedifoni, msikilizaji ataona kwaya imefunikwa blanketi. Ataongeza ukali kwenye kaseti. Yeye atasikia sawa. Wengine wote watachomwa.

Nilizungusha koili mbili za waya mwembamba na kutafuta kapasita mbili kwenye redio iliyokufa. Nikazificha chini ya sponji, moja kila upande. Nilipunguza kidogo tu. Ukipunguza sana atashtuka. Ukipunguza kidogo, siku ya pili sikio limezoea, na siku ya tatu linaapa kwamba ilikuwaga hivyo.

Halafu kiungo kimoja cha waya nikakichomelea vibaya makusudi. Kitadumu wiki mbili. Lazima zirudi.

Nilizijaribu kwa sikio la kulia, kikombe kimoja kimoja, nikizigeuza. Kazi safi. Baba aliyenifundisha ufundi angeniogopa.

Jumatatu, 23 Juni

Zimerudi. Wiki mbili na siku tatu.

Jumamosi, 28 Juni

Nimemaliza dozi ya pili leo. Ilinichukua muda kwa sababu iliniuma.

Ukivaa hedifoni, sikio la kushoto linasikia kushoto tu, na la kulia kulia tu. Kanisani haiko hivyo, kila sikio linapata pande zote mbili. Ndiyo maana kwenye hedifoni kwaya inakuwaga ndani ya fuvu badala ya kuwa mbele yako. Nilipokuwa Bunda niligundua kwamba ukivujisha kidogo ya kushoto kwenda kulia, na ya kulia kwenda kushoto, ikiwa imefifishwa kama kichwa kinavyoififisha, waimbaji wanatoka kichwani na kusimama mbele ya uso. Nililia siku ile niliyowasikia wakitoka. Nilikusudia kumwonyesha Mafuru. Nilikuwa namheshimu wakati huo.

Leo nimetumia ujuzi uleule, ila nimevujisha kupita kiasi. Kila kitu kitarundikana katikati. Ataona kwaya imebanana kama watu wa foleni ya sukari. Atatenganisha maikrofoni, moja ukutani huku, nyingine ukutani kule. Kwenye spika za watu katikati patakuwa shimo.

Zamani asingegundua mtu, kila nyumba ilikuwa na redio ya spika moja. Lakini tangu serikali iruhusu mali za nje, hata Kiabakari utakuta redio kaseti za spika mbili. Watu wameanza kusikia.

Niliacha tena kiungo kibovu.

Alhamisi, 10 Julai

Dereva mmoja wa lori la pamba alileta redio kaseti yake mpya. Anadai imeharibika, inakata masikio. Mzee Idi alijaribu kaseti yake mwenyewe ya taarabu. Ikaimba vizuri. Akaweka ile ya dereva.

Kwaya ya Bunda.

Kila herufi S ilikuwa wembe. Sopirano walikuwa ukuta wa kushoto wanapiga kelele, besi ukuta wa kulia kama wako nyumba ya jirani. Katikati hapana mtu. Yote haya Mzee Idi alinieleza, mimi nilisikia ukali tu. Dereva akasema, "Huyu aliyerekodi hii ni kiziwi au?"

Nilimrudishia redio yake nikamwambia ni nzima. Nilikula ugali mkubwa mchana. Sijala hivyo tangu Oktoba.

Hedifoni nazo zimerudi. Ziko kwenye meza yangu.

Ijumaa, 11 Julai

Dozi ya tatu ni rahisi kuliko zote. Rezista moja, kidude cha kubana umeme, upande wa kushoto. Kushoto kutasikika hafifu kuliko kulia. Yeye hatasema hedifoni ni mbovu, zimetoka kwa fundi juzi. Atasema ni sikio. La kushoto. Kama langu.

Hatari yake ninaijua. Akizigeuza tu, kikombe cha kushoto akakivaa kulia, unyonge utahama upande na siri itatoka. Mimi hugeuza kila siku.

Mzee Idi aliinua sponji kabla sijafunga. Aliangalia muda mrefu. Ni mtu wa maneno machache, amekaa na redio miaka thelathini.

"Binti yangu, hii koili inafanya nini?"

"Inafanya kazi."

"Na hii rezista?"

Nikageukia pasi yangu. Akarudisha sponji polepole, akaibana kwa kidole gumba.

"Atazigeuza, ajue."

"Hatazigeuza. Zimeandikwa kushoto na kulia. Yule ni mtu wa kufuata maandishi."

"Dukani kwangu mtu analeta kitu kibovu anachukua kizima. Hiyo ndiyo kazi niliyoirithi." Akachukua baraghashia yake. "Mimi leo sijaona kitu. Lakini usiniletee tena mbele ya macho."

Aliniumiza. Sikuitoa rezista.

Jumanne, 29 Julai

Rhoda alikuja dukani. Miezi tisa hajanitazama usoni, leo kaja kununua betri ambazo anajua hatuna. Alisimama kushoto, nikamwambia ahamie kulia. Alihama. Alielewa kwa nini, na alikosa pa kuweka mikono.

Akasema bila kuulizwa. Walipeleka kaseti redio ya taifa, nyimbo sita walizojifunza tangu mavuno. Imerudishwa. Barua inasema sauti zinachoma na kwaya imepasuka pande mbili. Mafuru amesema kosa ni sopirano. Amemtoa Rhoda kwenye kuongoza, mke wake mwenyewe, eti koo lake limekuwa bati.

"Nilikuwaga naimba vizuri, Nyangeta. Wewe si unajua? Wewe si ulikuwa unanisikiliza?"

Nilisema sijui, sikio langu limeharibika.

Alipoondoka nilijichunguza kama nimefurahi. Nimefurahi. Alikuwa na mdomo siku ile na hakuutumia.

Jumatano, 6 Agosti

Sikulala vizuri. Koo la Rhoda halina kosa. Naandika tu kwamba najua.

Jumatano, 13 Agosti

Habari kutoka Bunda: Mafuru ameonekana hospitali. Muuguzi alimulika tochi ndani ya sikio, akasema ngoma ya sikio ni nzima, labda mishipa, vifaa vya kupimia hakuna. Sasa anatembea na saa ya mkono, anaiweka sikio hili, anaiweka sikio lile, alinganishe mlio wake. Nje ya hedifoni anasikia sawa na mtu yeyote. Lakini mtu mwenye hofu akitegea sikio moja kutwa nzima, lazima litamsaliti.

Wiki tano na hajageuza.

Jumanne, 19 Agosti

Amekuja mwenyewe.

Nilimsikia akimsalimu Mzee Idi, na pasi ikaniunguza kidole. Amekonda. Kashika hedifoni kifuani kama mtu aliyebeba kuku. Mzee Idi alitoka nje, akakaa kwenye ngazi.

"Dada Nyangeta, shikamoo hainistahili, na wewe ni mdogo kwangu. Sijui nikusalimu vipi."

"Keti, Mwalimu."

"Nataka unipime. Wenzako wananiambia kuna mashine hapa ya kutoa mlio mmoja."

Ipo. Mzee Idi huitumia kutafuta kosa la redio. Nilichomeka hedifoni zilezile. Nilimvalisha kwa mikono yangu, kushoto kushoto, kulia kulia. Nikatoa mlio kulia. Akainua mkono. Nikatoa mlio uleule kushoto. Hakuinua. Nikaongeza kidogo. Hakuinua. Nikaongeza tena, akainua, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

Ningeweza kuzigeuza wakati ule. Ilikuwa kazi ya kupumua mara moja.

Akasema, "Ni la kushoto. Mkono uleule uliokupiga, Mungu ameutafutia njia."

Nilingoja neno samahani. Likaja. Alilisema vizuri, hakutafuta visingizio. Mimi nilikuwa nimeota neno hilo kwa miezi kumi, na lilipokuja lilikuwa dogo, limekaa kati ya redio mbovu, halina shahidi.

Nikamwambia, "Ulinipiga mbele ya watu arobaini. Hapa tuko wawili."

Akainamisha kichwa. Akasema Jumapili, mbele ya kanisa. Aliacha hedifoni mezani. Akasema hatazihitaji tena.

Jumapili, 24 Agosti

Bunda. Nilipanda basi la asubuhi na gauni la bluu.

Mafuru alisimama mbele, karibu na dirisha la kushoto. Alisema yote: siku, maneno niliyomwambia, kwamba nilikuwa sahihi kuhusu maikrofoni, kofi, damu, na kiti changu alivyokichukua. Alinitaja jina na jina la baba yangu. Akapiga magoti. Sauti yake ilinifikia kutoka kulia, kwenye ukuta mtupu. Nilitazama mdomo wake ili niamini ni yeye anayesema.

Wanakwaya walikuja mmoja mmoja kunishika mkono. Rhoda alikuwa wa mwisho. Alinishika vidole tu, na mimi sikumsaidia.

Kisha mchungaji akahubiri. Mungu analipa, Mungu haharakishi, tazameni sikio la mtumishi wake. Kanisa zima likaitikia.

Jumatatu, 25 Agosti

Nina hasira kuliko jana.

Mungu! Koili nilizungusha mimi, kwa vidole hivi, waya mwembamba kama unywele. Vipimo nilivikokotoa mimi nyuma ya karatasi ya sabuni. Wiki tano nilikaa na hofu ya kugunduliwa mimi. Sasa Bunda nzima inasema ni mkono wa Mungu, na Mafuru amekuwa kama mtakatifu, watu wanamwonea huruma na kumpelekea ndizi.

Sitaki Mungu achukue sifa ya kazi yangu. Nataka Mafuru ajue ni mimi. Nataka auone uso wangu akili yake ikirudi nyuma siku moja moja.

Jumamosi, 30 Agosti

Butiama, nyumbani kwa Mafuru. Ameacha kurekodi. Ameacha na kufundisha kwaya. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, Rhoda anapepeta. Nilikataa kiti. Nilitoa hedifoni kwenye mfuko, nikang'oa sponji mbele yao.

Nilisema nilivyokuwa nimepanga njia nzima. Kwamba hii koili inakula ukali, ndiyo maana uliongeza ukali. Kwamba nyaya hizi zinavujisha pande mbili, ndiyo maana uliwapasua. Kwamba rezista hii ni ya kushoto, na niliiweka mimi, na hata siku ile dukani nilikupima kwa kitu nilichokiharibu mwenyewe.

"Ungezigeuza tu," nikamwambia. "Mara moja."

Alizichukua. Hakuna redio pale, kwa hiyo hakuweza kusikiliza kitu. Akatoa saa yake. Akaiweka sikio la kulia. Akaiweka la kushoto. Akafumba macho. Akairudia. Nilikuwa nimesimama kama nimechomekwa miguu ardhini, nikingoja hasira yake. Niliitaka hasira yake. Nilikuwa hata nimeandaa sikio la pili.

"Kumbe nasikia," akasema.

Kisha akacheka. Alicheka huku analia, mahindi yanamwagika magotini, akamshika Rhoda mkono, "Mama, mimi nasikia! Sina kitu! Nasikia!" Akainuka akataka kunishika na mimi, akanishukuru. Alinishukuru mimi! Nilikuja kumchoma na nimempa habari njema kuliko zote alizopata maishani.

Rhoda peke yake ndiye aliyenipa nilichokifuata. Aliweka ungo chini.

"Na mimi nilikukosea nini? Mwezi mzima nimenyamaza hata nikiwa naosha vyombo. Niliamini koo langu limekufa."

"Ulinyamaza, Rhoda. Siku ile ulinyamaza."

"Nilinyamaza. Ndiyo." Alipumua. "Nilimwogopa. Wewe ulimwogopa nani?"

Nilifunga mfuko mtupu. Nilitoka. Kwenye njia ya kwenda barabarani nilimsikia Mafuru bado anacheka nyuma yangu, au mbele yangu, au kwenye migomba. Siwezi kujua.

Jumanne, 2 Septemba

Nilimwambia Mzee Idi yote. Alisikiliza akiwa anakunja waya. Akauliza swali moja tu: hedifoni ziko wapi. Nikasema niliziacha Butiama zimefunguka. Akasema zikija atazitengeneza yeye, mimi nisiziguse.

Ni haki yake. Sikubishana.

Jumapili, 7 Septemba

Kiriba, kwa mama. Sikwenda kanisani na mama hakuniuliza.

Wanasema Mafuru amerudi Bunda na watarekodi upya, Rhoda mbele. Itatoka vizuri. Sikio lake si baya, na sasa atakuwa mwangalifu.

Nimejaribu kujuta. Kwa Rhoda imekuja, na nitakwenda kumwambia watakapomaliza kurekodi. Kwa Mafuru haijaja. Nimekaa nayo asubuhi yote na haijaja. Hasira ipo, ila haina tena mahali pa kwenda. Imekaa tu, kama mgeni aliyekosa basi.

Mama alileta dagaa wa kuanika. Tulitandaza nyavu kuukuu juu ya mwamba, tukawamwaga, tukawatawanya kwa mikono wasigusane. Alikuwa ananisimulia habari za mbuzi wa jirani. Sikumsikia vizuri kwa sababu ya upepo, nikamwambia arudie. Akarudia tangu mwanzo, bila haraka.

Jua lilipokuwa kali tuliingia ndani.